Mashine ya Kuoshea Vyombo: Tuanze na Maji, Kisha Twende Dukani

Mwaka juzi, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, mwenzetu wa ndoa alimwonyesha daktari wa ngozi mikono yake. Ngozi ya baina ya vidole ilikuwa imepasuka na kutoa majimaji, na kucha mbili zilikuwa zimevimba pembezoni. Daktari alitoa mafuta ya kupaka, kisha akauliza: "Nyumbani mko wangapi, na vyombo anaosha nani?" Tulimjibu kuwa tuko tisa, swali la pili tukalinyamazia. Naye akasema kwamba mafuta yale hayatafaa kitu maadamu mikono hiyo inazama katika maji na sabuni mara tano kwa siku.

Ndiyo asili ya mashine iliyomo jikoni mwetu hivi sasa, ambayo ndugu kadhaa wamekuwa wakituuliza habari zake tutokapo msikitini. Aghalabu huuliza jambo moja: "Ni ya kampuni gani?" Tumeona tuliandikie jibu katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa nasi tulianza na swali hilo hilo, na likatupoteza pamoja na fedha zetu.

Haikununuliwa bila ya mabishano. Bibi wa watoto wetu, aliyeosha vyombo vya nyumba nzima tangu akiwa na miaka saba, alituambia mbele ya watoto: "Mwanangu, vijana watatu unao humu ndani, wana mikono sita mizima. Unataka kununua mikono ya bati?" Akatukumbusha habari mashuhuri iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ya Bi Fatima (r.a.) kumwendea baba yake, Mtume (s.a.w.), akilalamikia athari za jiwe la kusagia mikononi mwake na kuomba mtumishi, na namna alivyofundishwa dhikri badala ya kupewa mtumishi. Tulitaka kumjibu kwa kisomo chetu cha chuoni, lakini tulikumbuka pia riwaya ya Bi Aisha (r.a.), kwamba Mtume mwenyewe alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Hoja ya bibi ikabaki imesimama.

Tukapanga zamu: vijana watatu, na sisi wenyewe siku ya Ijumaa. Ramadhani nzima zamu hiyo ilisimama. Baada ya Idi ikaanza kupwaya. Mmoja alikuwa na mtihani wa kidato cha nne, wa pili alirudi usiku kutoka kazini, na sisi, tukiri bila kificho, Ijumaa zetu zilijaa vikao vya kamati. Usiku mmoja tulirejea saa nne na nusu tukamkuta mwenzetu ameinamia karai, amevaa mifuko ya plastiki mikononi na kuifunga kwa mpira. Hatukuhitaji mjadala mwingine.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Tulikwenda katika duka moja linalouza bidhaa zilizotumika kutoka Ulaya, tukachagua mashine inayong'aa kuliko nyingine zote, tukalipa sehemu kubwa ya akiba tuliyoiweka kwa ajili ya karo. Muuzaji alitueleza habari za kampuni, rangi na vitufe. Maji yetu hatukuulizwa wala hatukuyataja. Wiki ya kwanza mashine ililia na kuonyesha alama ya hitilafu, kwani maji yaliingia kama uzi. Fundi bomba akafungua hapa na pale, ikafanya kazi. Wiki ya tatu glasi zilitoka nyeupe mfano wa zilizochovywa katika chokaa. Mwezi wa nne kuta za ndani zikaota vidoa vya kutu, na kipasha maji kikafa. Tuliiuza kwa vipuri.

Ili ifahamike kwa nini, yapasa kueleza namna inavyofanya kazi, nayo si kazi ya ajabu. Mashine huchota maji kidogo, huyapasha moto, na pampu huyarusha kwa nguvu kupitia mikono inayozunguka yenye matundu, chini na juu ya vyombo. Maji hayo hayo huchujwa na kurushwa tena na tena pamoja na dawa kali ya kusafishia. Kisha humwagwa, yakaingia mengine safi ya kusuuza. Hakuna kitu kinachosugua. Wazo hilo la kurusha maji badala ya kusugua ni la zamani: bibi mmoja wa mji wa Shelbyville, jimbo la Illinois huko Marekani, Josephine Cochrane, alipewa hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Inasimuliwa kuwa alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimvunjia sahani zake za kauri.

Maadamu kila kitu kinategemea maji yanayorushwa, maji ndiyo ya kupimwa kwanza, tena kabla ya kuingia dukani.

Kipimo cha kwanza ni msukumo. Katika kitabu cha kila mashine huandikwa kiwango cha chini cha msukumo wa maji, nacho kwa mashine nyingi ni bari 0.3 au 0.5. Kwa nyumba zetu zinazotegemea simtanki juu ya mnara, hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bari moja. Hivyo basi mashine inayotaka bari 0.5 inahitaji kitako cha tenki kiwe mita 5 juu ya mahali mpira unapofungwa, na ya bari 0.3 inahitaji mita 3. Sisi tulichukua futi ya fundi tukapima: kitako cha tenki letu kilikuwa mita 3 kutoka ardhini, na bomba la jikoni liko nusu mita. Tofauti ni mita mbili na nusu, yaani bari 0.25. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa ikiomba maji kwa miezi minne bila ya kuyapata sawasawa! Tuliupandisha mnara kwa mita moja na nusu, ambapo sasa tuna mita 4. Mwenye mnara usiopandishika atafute pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ila ajue kuwa hiyo nayo ni chombo kingine cha kula umeme na kuharibika.

Kipimo cha pili ni chumvi na chokaa, na hapa wakazi wa pwani tuwe waangalifu zaidi. Ardhi yetu sehemu nyingi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima hubeba chokaa, na visima vilivyo karibu na bahari hubeba chumvi pia. Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Chokaa huonekana katika birika la kuchemshia maji, ule ukoko mweupe unaoganda ndani. Dawa yake imo ndani ya mashine: mashine nyingi za kutoka Ulaya zina chumba kidogo sakafuni mwake kinachotiwa chumvi maalumu ya chenga kubwa, ambayo huziwezesha punje zilizomo humo kunasa chokaa kabla ya maji kufika kwenye vyombo. Mashine isiyokuwa na chumba hicho, mwenye maji ya kisima asiinunue. Wala asitie chumvi ya mezani, kwa sababu ile huchanganywa na madini mengine na ni laini mno, huziba.

Ama maji ya chumvi, yale ambayo ukiyaonja unayajua, hayo mashine haina dawa nayo. Chumba kile hakiondoi chumvi, na chumvi huichoma hata ile bati isiyoshika kutu. Hicho ndicho kilichoiua mashine yetu ya kwanza, kwani maji ya kisima chetu mwishoni mwa kiangazi hubadilika ladha. Asiye na uhakika na achemshe maji kidogo katika sahani nyeupe ya bati mpaka yakauke, kisha atazame kilichobaki, na aonje.

Tulilitatua hilo kwa njia ambayo tungependa wengine waifikirie. Mashine za siku hizi hutumia takriban lita 9 hadi 12 kwa mzunguko mmoja. Tuliweka simtanki ndogo ya lita 500 juu ya mnara ule ule, kwa ajili ya mashine peke yake, tukaijaza maji ya bomba la mji na ya mvua. Kwa lita 10 kwa siku, lita 500 ni siku 50. Hata bomba likikauka wiki tatu, mashine haina habari. Kuosha kwa mkono, tulipopima, kulichukua ndoo tatu za lita 20 kwa chakula cha usiku peke yake.

Baada ya maji, vyombo. Dukani husemwa mashine hii ni ya watu 12, ile ya watu 14. Hesabu hiyo ni ya meza ya Kizungu: kila mtu sahani yake, bakuli lake, kikombe na kisahani, glasi na vijiko. Sisi tunaokula pamoja katika sinia hatuna sahani 12 za kuosha. Tuna sinia moja isiyoingia, sufuria ya wali yenye ukoko, na bakuli za mchuzi. Kwa hiyo tulipokwenda dukani mara ya pili tulibeba sufuria yetu kubwa kwapani. Wauzaji walicheka. Mashine mbili ziliikataa, ya tatu, yenye upana wa sentimita 60 na chano cha juu kinachopandishwa na kushushwa, iliipokea. Zile nyembamba za sentimita 45 na zile ndogo za kukaa juu ya meza zawafaa maharusi, si nyumba ya watu tisa.

Na ijulikane kwamba sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi majikoni mwetu, dawa ya mashine huzila zikawa nyeusi na kufubaa. Zioshwe kwa mkono, au taratibu zibadilishwe kwa za stili. Mwiko, upawa, kinu na mbuzi ya nazi visiingie kabisa, mti hupasuka kwa joto. Chupa ya chai vivyo hivyo, pamoja na visu vizuri na vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu. Masizi ya mkaa na ukoko ulioungua haviondoki. Vyataka kulowekwa na kusuguliwa kama zamani. Wala asitie mtu sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono ndani ya mashine, isipokuwa anataka kuona povu likitembea sebuleni.

Umeme tutaupitia kwa ufupi. Kwa mpango wa uchumi, ambao ni mrefu na huweza kupita saa tatu, mzunguko mmoja hula takriban uniti moja ya umeme, au pungufu kidogo. Kipasha maji huvuta wati 2,000 hivi, kwa hiyo soketi iwe yake peke yake na yenye waya wa ardhi, si ekstensheni. Wenye jamaa Marekani wasikubali zawadi ya mashine ya kule, kwani ni ya volti 120 na mawimbi 60, ilhali kwetu ni volti 230 na mawimbi 50. Transfoma hurekebisha volti, mawimbi haigusi. Ya kutoka Uingereza au Omani hukubaliana na umeme wetu, hata plagi yake ya meno matatu ni ile ile.

Mzee mmoja wa safu ya mbele alitushika mkono akauliza kama chombo kilichooshwa kwa maji yanayojirudia ni tohara. Ni swali la haki. Mafuta, mchuzi na makombo ya chakula cha halali ni uchafu, si najisi, basi hapo hapana tatizo. Na mwisho maji yale humwagwa na vyombo husuuzwa kwa maji mapya. Sisi, kwa kujitoa katika shaka, chombo kilichoguswa na damu ya nyama au najisi nyingine tunakipitisha kwanza chini ya bomba linalotiririka ndipo kiingie.

Mashine haikuwaondolea vijana zamu yao. Makombo yakwanguliwe, vyombo vipangwe visifunikane, chujio lioshwe kila wiki. Asubuhi kuna kuvitoa na kuvipanga kabatini. Hiyo imekuwa kazi yao, na ya kwetu siku ya Ijumaa, na kwa kuwa haichukui zaidi ya robo saa, visingizio vimepungua, hata vyetu. Mikono ya mwenzetu imefunga, isipokuwa kidole kimoja ambacho hupasuka tena akifua. Bibi bado huosha bakuli lake la uji mwenyewe, na hukinga maji kwa kikombe.

Sha'abani iliyopita kamati ya msikiti iliombwa na akina mama wanaopika futari inunue mashine kubwa ya aina hiyo, na mfadhili alikwishajitokeza. Tukiwa katibu, tuliomba muda wa siku mbili, tukapanda na futi ya fundi kwenye mnara wa tenki la msikiti. Kitako kiko mita 2 na sentimita 20. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba fedha za mfadhili, kwa idhini yake, zitangulie kwenye mnara.