Waheeda Alikaza

Masela wa Karatu wanaisifia sana Hatari!, ile muvi ya John Wayne iliyopigwa huku kaskazini enzi za Tanganyika, ikatoka 1962. Poa, wanyama wetu wamo na vumbi letu limo. Ila muvi inayomgusa kijana wa Karatu kwenye mshipa ilipigwa India, ikatoka 1965, na inaitwa Guide. Stelingi wake anaitwa Raju na kazi yake ni kupokea wageni stesheni na kuwazungusha. Lugha anazo kibao, mapango yote anayajua, na mgeni akishuka tu kwenye treni keshamsoma ana mkwanja kiasi gani. Ukikaa asubuhi pale mjini, gari za safari zinajaza mafuta na lanchi boksi zinapakiwa kwenda geiti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, utawaona kina Raju kama wote.

Raju anampata mteja mmoja mzee, mtaalamu wa mambo ya kale, kaja kusaka mapango yenye michoro. Kaja na mke wake, Rosie. Mzee akili yote iko kwenye mawe, na mke kapigwa marufuku kucheza dansi, kitu anachokipenda kuliko pumzi. (Kwetu Olduvai ilikuwa tofauti: tarehe 17 Julai 1959 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alikuwa anaumwa kambini, na Mary, mke wake, ndiye aliyeliona fuvu la kale la Zinj.) Rosie anamchoka mume, anasepa, anaanza kucheza, na Raju anamsimamia mpaka anakuwa staa mkubwa.

Aliyecheza Rosie ni Waheeda Rehman, na huyo ndiye ninayetaka madogo wa kitaa wamjue.

Kazaliwa 3 Februari 1938, Chengalpattu, kusini mwa India, familia ya Kiislamu. Mshua alikuwa ofisa wa serikali, akafariki Waheeda akiwa bado binti mdogo, na nyumbani mambo yakawa magumu. Alichokuwa nacho ni miguu yake: kajifunza Bharatanatyam, dansi ya kale ya kule kusini. Mwaka 1955 akatokea kwenye muvi ya Kitelugu, Rojulu Marayi, na dansi lake likabamba vibaya mno. Guru Dutt, prodyuza na dairekta mkali wa Bombay, akamwona, akamwita kwa ajili ya CID, muvi ya 1956.

Hapa ndipo pananikosha. Wakubwa wakamwambia jina lako refu, halina mvuto, tulibadilishe. Enzi hizo ilikuwa kawaida kwa mastaa: Dilip Kumar kazaliwa Yusuf Khan, Meena Kumari kazaliwa Mahjabeen, Madhubala kazaliwa Mumtaz. Binti hana baba, hana mpunga, kasafiri kutoka mbali, na mbele yake wamekaa watu wanaoweza kumtoa au kumpiga chini. Akakaza. Jina hili nimepewa na wazazi wangu, silibadilishi. Halafu akaongeza lake: kwenye mkataba iandikwe kwamba nguo asiyoipenda hatavaa. Umri wa kusaini mwenyewe alikuwa hana, ikabidi asaini bi mkubwa wake. Wakubwa walichukia, lakini mwisho wakakubali. Ndiyo maana mpaka leo tunamwita Waheeda Rehman.

Sisi wa Karatu tunalijua hilo kwa namna yetu. Wapo madogo wanaoingia kwenye muziki au mitandaoni na kitu cha kwanza wanachotupa ni jina la Kiiraqw, eti gumu kutamka. Mbona Slaa nchi nzima ililitamka? Dkt. Willibrod Slaa alikuwa mbunge wetu kuanzia 1995, na mwaka 2010 akagombea urais kwa jina hilohilo. Watu wakikuhitaji watajifunza kulisema.

Baada ya CID mambo yalifunguka. 1957 akatoka na Pyaasa, kacheza Gulabo, mwanamke anayejiuza ambaye ndiye pekee anayeyathamini mashairi ya jamaa aliyedharauliwa na mji mzima. 1959, mwaka uleule Ngorongoro ilipotenganishwa na Serengeti ikawa hifadhi inayojitegemea, ikatoka Kaagaz Ke Phool, muvi ya kwanza ya India ya skrini pana, sinemaskopu. Ilibuma sokoni, ila leo mafundi wa sinema wanaiheshimu kinoma. Chaudhvin Ka Chand ya 1960 ikarudisha hela. Udaku kuhusu yeye na Guru Dutt umeandikwa mpaka umechosha, mimi naupita. Guru Dutt alifariki 1964, Waheeda akaendelea na mishe zake.

Ndipo ikaja Guide. India ya 1965, mke kumwacha mume na kwenda kuishi na kijana wa mjini haikuwa ishu ya kuonyesha kirahisi. Waheeda aliichukua nafasi hiyo na akaimaliza. Kuna sehemu Rosie anacheza dansi la nyoka, na hapo hahitaji hata neno moja, mwili unasema kila kitu kilichofungiwa ndani miaka yote. Nimeangalia wacheza dansi wengi. Sijaona mwingine anayegeuza hasira kuwa hatua za miguu namna ile. Kwenye tuzo za Filmfare za 1967 muvi ikabeba zote kubwa nne: muvi bora, dairekta, stelingi wa kiume na stelingi wa kike.

Na kuna kitu ndani ya Guide ambacho kila anayesimamia msanii akiangalie. Raju hela zinamlevya, anaanza kamari na bata, na mwisho anaghushi sahihi ya Rosie. Anaenda jela kwa ajili ya hiyo sahihi moja.

Tuzo nyingine nazitaja fasta: Filmfare ya pili kwa Neel Kamal, tuzo ya taifa kwa Reshma Aur Shera ya 1971, na mwaka 2023 akatangaziwa Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa ya sinema India. 1974 aliolewa, akahamia Bangalore, akalea watoto wawili. Kizazi kipya kikamwona tena 2006 kwenye Rang De Basanti, kacheza mama wa rubani.

Halafu kinachotuleta nyumbani: uzeeni kashika kamera, kawa mpiga picha wa wanyamapori, na safari zake zimemfikisha Kenya, Namibia na hapa kwetu Tanzania. Ebu waza. Sisi kreta ya Ngorongoro tunayo mlangoni, karibu kilomita za mraba 260 za sakafu na kuta za mita 600. Ukungu wa asubuhi ukiachia pale juu, mwanga unaoshuka ni wa ajabu. Dereva mwongoza watalii anashuka kreta kwa barabara ya Seneto mara ngapi kwa mwezi akiwa na simu ya maana mfukoni? Wengi wanairudisha na selfi tupu. Kili Paul, Mmasai wa Pwani, kwa simu na nyimbo za Kihindi tu alifika mpaka mdomoni kwa Waziri Mkuu wa India, Modi, 2022. Njia ya India kutoka huku ipo wazi.

Kwa hiyo, dada wa Karatu, Rhotia, Mbulumbulu, siku ukiwekewa karatasi mezani, iwe ya lodji, ya muziki au ya matangazo, usisaini kwa aibu. Soma kila mstari. Usipouelewa, mpelekee anayejua sheria. Omba waongeze mstari wako, na jina liandikwe kama ulivyopewa nyumbani. Na wikiendi hii nunua bando, itafute Guide. Ina saa tatu. Itazame yote.