Kisu cha Mfukoni, Pete Moja na Inchi Tatu

Kwenye shingo ya kisu cha Opinel nambari 6, pale mpini wa mti unapopokea ubapa, kuna pete ya chuma inayozungushwa kwa kidole gumba. Ikishazungushwa, kisu kilichokunjuliwa hakikunjiki tena mpaka pete irudishwe, na vidole vya mkataji vinabaki salama. Pete hiyohiyo, kwenye barabara za London au Leicester, inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mtu aliyehamia Uingereza akitokea Tanga au Mombasa hushangaa kusikia hivyo. Alikotoka, kisu kidogo ni chombo cha riziki: muuza machungwa hummenyea mteja chungwa kwa mzunguko mmoja, ganda likaning'inia kama utepe, na utingo hukatia kamba za magunia. Akifika ugenini huona ni heri aache kubeba kisu kabisa kuliko kuandamwa na polisi. Si lazima afike huko. Sheria ya England na Wales imeacha mlango, mwembamba lakini wazi, na kisu cha bei ndogo hupita hapo kwa urahisi kuliko vingi vya bei kubwa.

Mlango wenyewe umo katika kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988. Kifungu hicho kinakataza kubeba kitu chenye makali au ncha mahali pa umma bila sababu ya msingi, kisha kinakiondoa katika katazo hilo kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwenye kisu cha namna hiyo hadaiwi maelezo ya kwa nini anacho. Mwenye kingine chochote anadaiwa, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Akishindwa, kifungo kinaweza kufika miaka 4.

Ubishi ukazuka juu ya maana ya "kukunja". Kisu chenye kufuli nacho kinakunjika, ila kwa hatua mbili: kwanza kufuli ifunguliwe, ndipo ubapa ulale. Mwaka 1993, katika shauri la Harris, majaji waliamua kwamba kisu hakihesabiwi kuwa cha kukunja isipokuwa kinaweza kukunjwa papo hapo, wakati wowote, kwa kukikunja tu. Kinachodai kwanza kitufe kibonyezwe au pete izungushwe kimetoka nje ya msamaha, hata ubapa wake uwe mfupi namna gani. Mahakama ya Rufani ikaukazia msimamo huo mwaka 1998.

Kwa mtu anayejua kazi ya visu, uamuzi huo unauma. Kufuli ilibuniwa kuokoa vidole, na kisu kinachojikunja ghafla mkononi humkata mwenyewe kabla ya kumkata mwingine. Hata hivyo, sheria ndivyo ilivyosimama, na anayetaka kubeba kisu kihalali anapaswa kutafuta kisicho na kufuli, kisha ajifunze kukitumia kama kisicho na kufuli.

Hapa ndipo historia ya Opinel inapomsaidia. Joseph Opinel, kijana wa ukoo wa wahunzi huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa inayopakana na Italia, alitengeneza kisu chake cha kwanza mwaka 1890: ubapa, mpini wa mti, riveti na kishingo cha chuma, basi. Mwaka 1897 akavipanga visu vyake kwa ukubwa, nambari 1 hadi 12. Nambari 1 na 11 ziliachwa baadaye. Zilizobaki zinauzwa mpaka leo. Pete ya kufungia ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955. Kwa miaka 65, basi, wakulima na wachungaji wa milimani walikata mkate, jibini na matawi ya mizabibu kwa Opinel isiyo na pete. Anayeing'oa leo anakirudisha kisu kwenye umbo lake la asili, hakiharibu.

Nambari ipi inunuliwe? Inayopendwa kuliko zote ni nambari 8, lakini ubapa wake una sentimita 8.5, na hapo mjadala umekwisha. Nambari 7 ina sentimita 8. Imezidi kwa milimita chache, na kipimo cha sheria hakina huruma ya milimita. Wapo wanaofikiria kuipunguza ncha kwa tupa. Ni kazi ya kupoteza kisu, maana umbo la ubapa linaharibika na bei ya nambari 6 ni ndogo kuliko ya mlo wa watu wawili kwenye mgahawa wa kawaida wa London. Nambari 6, yenye sentimita 7, ndiyo inayofaa baada ya kuondolewa pete. Asiyetaka ufundi wowote achukue nambari 5: ina sentimita 6 na inatoka kiwandani bila pete, ingawa mkono mkubwa utaiona kama ya mtoto.

Kuitoa pete kunahitaji plaizi za ncha mbili nyembamba zinazotanuka badala ya kubana, zile ambazo mafundi wa magari hutolea klipu za duara. Ubapa hukunjwa na kisu kizima kuzungushiwa kitambaa kinene, pete ikabaki nje. Ncha za plaizi huingia kwenye mwanya wa pete, pete ikatanuliwa kiasi cha kutoka kwenye mfereji wake, si zaidi, ikavutwa nje. Anayetumia bisibisi kwa pupa huikunja pete au huchoma kiganja.

Kazi kubwa inaanza baada ya hapo, kwa sababu sasa kinachouzuia ubapa ni msuguano peke yake. Msuguano huo unatokana na mti kubana ubapa, na mti wa mpini hunywa maji. Kisu kikiloa, mpini huvimba na ubapa hukwama ndani. Watu wa Savoie wana dawa yao ya zamani: hugonga kitako cha mpini mezani, na ubapa huchomoza kiasi cha kushikika. Dawa ya kudumu ni kukiacha kikauke siku kadhaa, kupitisha msasa laini kwenye mfereji wa ndani, kisha kuupaka mpini mafuta ya kitani, kufuta yanayozidi, na kurudia kesho yake. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandazwe nje, moja moja, mpaka yakauke.

Kisu kikilegea badala ya kubana, riveti huwekwa juu ya chuma kigumu na kugongwa kwa nyundo ndogo, pigo moja, kisha kujaribu, kisha pigo jingine. Kilegevu kisicho na pete kisibebwe. Na hata kilichobana vizuri kina adabu yake: hukata kwa kuvuta, hakichomi, na mgongo wake hausukumwi.

Kuhusu chuma, kuna aina mbili. Kisichoshika kutu kinamfaa mtu wa pwani au anayekata matunda akakirudisha mfukoni kabla hakijakauka. Chenye kaboni nyingi hunoleka upesi kwenye kinoo na hupata makali ya kunyoa, ila hubadilika rangi. Yeyote aliyewahi kumenya embe mbichi au ndizi za kupika kwa kisu cha zamani anaujua weusi huo: asidi na utomvu vimekutana na chuma. Wenye subira huufanya kusudi, kwa kuupaka ubapa siki ya moto na kuuosha, mpaka utando wa kijivu uenee. Utando huo hupunguza kasi ya kutu ya kahawia, ile inayokula chuma.

Msomaji wa Afrika atauliza habari za Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya masoko ya makoloni, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumwandika mnyama wa misitu ya Kongo aliyekipa jina, na sasa kinatoka Afrika Kusini. Ni rahisi, ni kigumu, na kinalia meno yake kinapofunguliwa. Meno hayo ndiyo kufuli, na ubapa haulali mpaka kipete cha mgongoni kivutwe. Kwa hiyo Uingereza Okapi ni kisu cha shambani chenye kuhitaji sababu. Si cha kutembea nacho mjini.

Nchi nyingine za Ulaya zina vipimo vingine kabisa. Ujerumani, tangu mwaka 2008, inabana hasa kisu kinachokunjuliwa kwa mkono mmoja kisha ubapa ukakazwa na kufuli. Opinel, inayodai kucha za mkono wa pili, haikuguswa na kifungu hicho, ila mabadiliko ya mwaka 2024 yaliongeza makatazo kwenye sherehe za umma na treni za masafa marefu.

Hata kisu kilichotimiza kila kipimo hugeuka kuwa silaha machoni pa sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 pale mwenyewe anapokibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, au hata kwa kujihami. Na anayekamatwa na kisu chenye kufuli hawezi kujitetea kwa kusema tu alikisahau kwenye koti.

Pete iliyong'olewa haitupwi. Huwekwa nyumbani, kwenye droo moja na kinoo na chupa ya mafuta, na kurudishwa shingoni siku kisu kinapobaki kwenye bustani ya mwenyewe kufanya kazi nzito; kabla ya kutoka tena barabarani, hurudi drooni.