Je, Wajua? Mzamiaji Anayekwangua Rafadha

Boti ikianza kutetemeka, ikanywa mafuta mengi huku mwendo umepungua, si lazima ipandishwe chelezoni. Mwenye boti anaweza kumwita mzamiaji aisafishe rafadha papo hapo ilipofungwa gatini.

Adui aliyeganda kwenye rafadha ni mnyama mdogo wa ukoo wa kaa na kamba. Akiwa mchanga huelea na maji. Akipata pa kutua hujigandisha kwa kichwa, hujijengea magamba makali, kisha hula kwa kupunga miguu mpaka afe. Charles Darwin alitumia miaka minane, 1846 hadi 1854, kumchunguza yeye na jamaa zake. Mzamiaji mwenye kikwaruzo hana subira hiyo.

Akishakwangua, hukagua vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye shafti. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme hupita kati yazo na moja huliwa. Zinki imewekwa iliwe yenyewe, rafadha isalimike. Ikiisha nusu, hubadilishwa. Ukiipaka rangi, umeinyima kazi yake.

Mwenye wazo hilo ni mwanakemia Mwingereza, Humphry Davy. Mwaka 1824 alilishauri Jeshi la Majini la Uingereza lifunge vipande vya chuma au zinki kwenye mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya manowari. Shaba kweli ikaacha kuliwa. Kumbe kule kuliwa ndiko kulikokuwa kukiwatia sumu wale wanyama! Walijazana, manowari zikapoteza mwendo, mpango ukaachwa.

Rafadha ya leo imo katika mtego uleule: zinki inailinda, na ulinzi huo unawakaribisha wageni. Kwa hiyo mzamiaji hakosi kazi.

Kabla ya kuzama, mzamiaji makini huomba ufunguo wa injini. Usimwone mtu wa shaka. Rafadha ikizunguka hata mara moja, amekwisha. Juu hupepea bendera ya herufi A, nyeupe upande wa mlingoti na buluu upande wenye ncha mbili. Manahodha wote huisoma hivi: kuna mtu chini, kaa mbali, punguza mwendo.

Na mwenye boti Ziwa Victoria asinunue zinki ya baharini. Katika maji baridi zinki hujifunika utando na kulala. Huko hufungwa magnesi.