Kiyidi cha Darasa na Kiyidi cha Bibi

Darasa letu huanza saa saba mchana kwa saa za New York. Kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hapo ni saa moja usiku, watu wanatoka isha, na umeme bado haujaamua kama utalala nasi au utaondoka. Ikifika Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, nasi tunaanza saa mbili. Nikiwa Kionga mambo huchanganyika zaidi, kwa sababu huko simu hunasa mitambo ya Tanzania iliyo ng'ambo ya Ruvuma na saa yake huruka mbele yenyewe. Siku hizi naandika saa ya darasa kwa chaki mlangoni, sitazami simu.

Lugha tunayosoma ni Kiyidi. Mama mkubwa aliposikia aliniuliza, "Mwanangu, lugha hiyo hapa utamsemesha nani, samaki?" Swali lake lina haki. Mimi ni mtu wa Tungue, ghuba ya huku Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, ambako mtu hulala na Kimakwe, huamka na Kiswahili, sokoni hukutana na Kimakonde na Kimwani, na ofisini hukutana na Kireno apende asipende. Lugha hazijatupungukia. Ila kabla ya mashambulizi ya Machi 2021 mjini Palma nilikuwa mkalimani wa mafundi wa ujenzi, na fundi mmoja kutoka Afrika Kusini alikuwa akimpigia simu bibi yake kila Ijumaa mchana, sauti wazi, wote tunasikia. Nilidhani ni Kijerumani. Kisha siku moja yule kijana akasema "sholem aleykhem" na bibi kizee akajibu "aleykhem sholem", amegeuza maneno vilevile tunavyoyageuza sisi tukiitikia salamu. Nikaacha kazi niliyokuwa nafanya nikamwuliza.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, nayo ina umri wa miaka kama elfu moja. Mwili wake ni Kijerumani cha zamani. Mambo ya dini na elimu yamo kwa Kiebrania na Kiaramu. Na ya jikoni na mtaani mengi yametoka kwa majirani Waslavi. Kabla ya vita ya 1939 wasemaji walikadiriwa kuwa milioni 11. Katika Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, wengi mno walikuwa wasemaji wa lugha hii. Leo wanaowalea watoto kwa Kiyidi ni hasa Wahasidi, watu wa dini sana, wa Brooklyn, Jerusalem na Antwerp.

Afrika Mashariki nayo ilikaribia kukisikia. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wazayuni ardhi huko Uasin Gishu, Kenya ya leo, katika mpango ambao vitabu huuita wa Uganda. Mkutano wao ukaukataa mwaka 1905. Kama wangekubali, huenda leo Eldoret watu wangepatana bei kwa Kiyidi.

Sasa hati. Kiyidi huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto, na hapa ndipo wenzangu wengi darasani walipokwama wiki za mwanzo. Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani. Jicho langu lilizoea kuanzia kulia kabla halijazoea kushoto, na ile "kh" ya kooni, inayowatesa wenzangu wa Chicago na Melbourne, mimi niliipata kwa fimbo ya mwalimu wangu. Wazo lenyewe la kuandika lugha ya nyumbani kwa herufi za kitabu kitakatifu halikunishangaza hata kidogo. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara na za siasa. Nyaraka za namna hiyo kutoka kaskazini mwa Msumbiji, za karne ya 19, zimehifadhiwa katika Arquivo Histórico huko Maputo.

Lakini Wayahudi walifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya sawasawa. Kiarabu kina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo katika maandishi ya kale "penda" na "pinda" huweza kuonekana neno moja, msomaji akaachiwa akili yake. Kiyidi kimegeuza herufi zilizobaki bure kuwa irabu kamili: ayin, ndugu ya ain yetu, ndiyo "e", alefu hubeba alama chini ikawa "a" au "o". Kila sauti unaiona. Kisha, ukishaanza kujivuna, linakuja neno la Kiebrania ndani ya sentensi, nalo limeachwa na tahajia yake ya asili, bila irabu. Rafiki ni "khaver", lakini karatasini utaona herufi tatu tu. Hakuna kanuni ya kukuokoa. Ni kukariri, na kukariri chuo kilinifundisha.

Jambo ambalo hakuna anayemwambia mwanagenzi ni kwamba Kiyidi cha darasani karibu hakuna aliyekinyonya kwa mama yake. Ni sanifu. Kanuni zake za tahajia zilitolewa 1937 na YIVO, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1925 huko Vilna, ambayo sasa huitwa Vilnius, na kitabu kilichofundisha vizazi vya wanafunzi, *College Yiddish* cha Uriel Weinreich, kilitoka 1949 huko New York. Darasani "nzuri" ni "gut". Nilipopakua Duolingo, iliyoanza kufundisha Kiyidi 2021, nikasikia "git", kwa sababu sauti zake zimefuata matamshi ya Wahasidi. Mkate darasani ni "broyt". Bibi yake yule fundi, wa Johannesburg, ambaye asili yake ni Lithuania kama Wayahudi wengi wa Afrika Kusini, alikuwa akisema "breyt". Wenzangu walifadhaika, wakataka kuambiwa ipi sahihi.

Mtu wa Tungue hafadhaiki. Kiunguja kilipochaguliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, waliokuwa mezani ni watu wa makoloni ya Mwingereza. Sisi tulikuwa bado mikononi mwa Kampuni ya Niassa, kwa Mreno, na hakuna aliyetuuliza tunasemaje. Hata hivyo nasoma gazeti la Dar es Salaam bila shida, na nikirudi nyumbani nasema tunavyosema. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo: shika cha darasani, kwa kuwa kamusi na vitabu viko huko, na sikio liache wazi.

Na vitabu vipo kwa sababu watu walivikusanya kabla hawajajua vitahitajika vipi. YIVO ilikuwa na wakusanyaji wa kujitolea vijijini, makarani na wanafunzi, wakituma Vilna methali, nyimbo, mabango, hata orodha za vyakula. Wanazi walipouteka mji, Wayahudi waliolazimishwa kuchambua hazina hiyo walificha sehemu yake chini ya nguo na kuiingiza ndani ya geto, miongoni mwao mshairi Abraham Sutzkever. Kuanzia 1980 Aaron Lansky naye alikusanya vitabu zaidi ya milioni moja katika kituo alichokianzisha, kilicho Amherst, Massachusetts, na zaidi ya vitabu 11,000 vimewekwa kwenye intaneti bure. Sisi nyumbani tulikuwa na kasha la karatasi za babu mzaa baba, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na nyumba ilipoungua 2021 nalo likaenda. Hakuna aliyekuwa amezipiga hata picha. Ninapofungua kitabu cha mwandishi Sholem Aleichem kwenye simu, kimenakiliwa ukurasa kwa ukurasa pamoja na madoa yake, sifurahi tu. Naona wivu pia.

Kwa anayetaka kujaribu: anza na herufi peke yake, mwezi mzima, na uziandike kwa mkono. Omba punguzo la ada. Mimi nilieleza kwamba ada inazidi mshahara wangu wa mwezi, wakanipunguzia. Darasa la video hula mega kama moto, kwa hiyo zima kamera ukiwa husemi, na vitabu vipakue usiku wa manane. Usiwaonee haya wazee. Darasani mwetu wengi wamepita miaka sitini, wanatafuta lugha ambayo wazazi wao waliitumia ili watoto wasielewe, na wanalia kwa urahisi wakikumbuka neno.

Pia wanabishana. Juma lililopita mzee wa Buenos Aires alisoma "git" mahali palipoandikwa "gut", mwalimu akamsahihisha kwa upole, mzee akasema mama yake alitoka Poland na hakuwahi kusema vingine, bibi wa Melbourne akaingilia kuwatetea Walithuania. Mwalimu akaniuliza mimi, mgeni wa wote, nasikiaje. Nikajibu kwa Kiyidi changu kibovu kwamba kwetu kila kijiji kina chake. Walikuwa bado wanabishana salio la simu yangu lilipokwisha.