Uso na Kiini: Hadubini ya Elektroni na Sarafu za Shaba za Kilwa

Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa Kisiwani, mkabala wa Kilwa Masoko, hubeba majina ya masultani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu yake ilipatikana hata Great Zimbabwe. Maandishi ya pande mbili hulingana kwa vina, lakini mwaka hayautaji. Ndiyo maana ushahidi hutafutwa ndani ya metali yenyewe: kiasi cha risasi au bati chaweza kutofautisha toleo moja na jingine.

Ndani ya hadubini, mwale wa elektroni hugonga sampuli, nayo hutoa eksirei zinazotambulisha kila elementi. Tatizo ni kina. Eksirei hizo hutoka mikromita chache tu chini ya uso, ilhali sarafu iliyolala karne kadhaa katika udongo wa chumvi kwa kawaida hufunikwa na kutu nene kuliko hapo. Kinachopimwa basi ni kutu, wala si shaba aliyoiyeyusha mfuaji.

Kukifikia kiini, sharti ukingo ukatwe au ukwanguliwe. Mwenzetu anayechunguza oksidi za shaba zinazopitisha umeme bila ukinzani, zilizogunduliwa mwaka 1986, akiharibu kipande huoka kingine. Sarafu haina mbadala. Tena kloridi iliyojificha chini ya kutu, ikifikiwa na hewa yenye unyevunyevu kama ya Pwani, huendelea kuila shaba. Kwa maoni yangu, ukataji ubakie kwa vipande vilivyokwisha kuvunjika, na matokeo ya uso yasiitwe muundo wa sarafu.