Kazi njo baba, njo mama

Bamama, mtoto akirudi na somo la Kifaransa na kuuliza metafore ni nini, musiseme hamujui. Kwa Kiswahili ni sitiari: kuita kitu kwa jina la kingine. "Mtoto huyu ni sungura" ni sitiari. Ukisema "anakimbia kama sungura", hiyo ni tashbihi. Tukisema Lualaba imekasirika, ni tashihisi, tumeupa mto moyo wa mtu.

Sitiari kubwa ya kwetu ilitoka katika kambi za wafanyakazi: "Kazi njo baba, njo mama." Haikuwa mapambo. Union Minière, kisha Gécamines, ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, mambo ambayo mzazi hutoa. Wafanyakazi wakaitwa Bana Shaba, watoto wa shaba. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari" (hiari gani? hicho ndicho kinaya), wengi walisema baba amewatupa. Nyumba ngapi zilibaki juu ya shamba la mama na meza yake ya soko!

Wiki hii, mutume watoto kwa kambo wamuulize: kwenu, kazi ilikuwa nani?