Kidole Kimoja, Madaftari Mawili

Kidole kimoja, walisema wahenga, hakivunji chawa. Walakini kidole hicho hicho, alama yake ikikutwa katika madaftari mawili, chaweza kumvunjia mtu uraia wake. Hayo yamewasibu maelfu ya Wakenya wa pande za Garissa na jirani zake. Katika miaka ya ukame, baada ya kambi za wakimbizi za Dadaab kufunguliwa mnamo 1991, watu hao, ambao mifugo yao ilikuwa imeteketea kwa kiu, walijiandikisha pamoja na wageni waliokimbia vita vya Somalia, almuradi wapate posho ya chakula. Na baadhi yao walikuwa watoto wasiojua maana ya kuandikwa. Walipotimiza miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, jawabu likawa kwamba alama zao zimo katika daftari la wakimbizi, na mkimbizi si raia.

Aghalabu tunaposikia habari za kadi mpya ya serikali hudhani kuwa yako masuala mawili yaliyo mbalimbali: la kwanza ni siri ya mtu, yaani nani atakayeziona habari zetu, na la pili ni haki ya kuipata kadi yenyewe. Huko Garissa masuala hayo yamekuwa suala moja, kwani alama iliyotolewa kwa ajili ya kibaba cha unga ndiyo iliyofunga mlango wa uraia, na pasipo kitambulisho mtu hapigi kura, hafungui hesabu ya benki, wala hasajili laini ya simu.

Hofu ya kuandikwa alama za vidole ina asili ya kale. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika waliotimiza umri wa miaka 16 kuchukua kipande chenye alama za vidole na maneno ya tajiri aliyewaajiri, nao wakakivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Hata leo wako wanaokiita kitambulisho kwa jina hilo hilo la kipande.

Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, katika 2019, sheria iliruhusu kuchukuliwa hata vinasaba vya mtu, na mahali hasa palipo maskani yake kwa vipimo vya setilaiti. Shauri likapelekwa mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakayabatilisha mambo hayo mawili, wakiruhusu yaliyosalia kwa sharti la kuwekwa kwanza kanuni kamili za hifadhi. Oktoba 2021 jaji mwingine akaubatilisha utoaji wa kadi zenyewe, madhali serikali haikupima kwanza madhara yanayoweza kuwafika wenye habari hizo. Sasa imekuja Maisha Namba, ambayo mtoto hupewa tangu kuzaliwa, iwe yake hadi kufa.

Miongoni mwa walioishtaki Huduma Namba walikuwa Wanubi, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani wawe askari wa Mwingereza, wakakalishwa Kibera. Kwa miaka mingi kijana wao amepigwa msasa, yaani kuhojiwa juu ya uraia wake, na kamati ya wazee kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali jirani yake wa kabila jingine hakuulizwa hayo. Kadhalika Wamakonde wa Kwale iliwabidi watembee kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia katika 2016, na Wapemba wa Kilifi na Kwale walingoja hadi 2023 ndipo wakatambuliwa. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuukomesha msasa huo; lakini tamko halifuti jina lililokwisha kuandikwa katika daftari lisilo lake.

Ufunguo ukipotea, kitasa hubadilishwa. Kidole hakina badala. Kwa hiyo anayekichukua amechukua amana, na dhima yake ni kusema anakichukua kwa ajili gani, asikitumie kwa jingine, na amwekee mwenyewe mlango wa kusahihisha kosa, ili yule aliyejipanga foleni Dadaab siku ya njaa awe na pahali pa kwenda na mtu wa kumsikiliza anaposema: nilikuwa na njaa, sikuwa mgeni.